Mtengenezaji mdogo wa bia anapunguziwa ushuru, wa mvinyo wa matunda anakamuliwa. Kwa nini?

Wadau, nimechoka kusikia ati serikali ya Kenya inainua watengenezaji wadogo wa pombe. Inainua wa bia peke yao. Anayefanya mvinyo wa matunda ameachwa nje, na hakuna anayelisema wazi.

Tangu mwisho wa Desemba 2024, ushuru wa bidhaa kwenye vileo unapigwa kwa sentilita (mililita 10) ya pombe halisi. Bia ni shilingi 22.50. Mtengenezaji mdogo anayejitegemea, asiyezidisha lita 150,000 kwa mwezi na asiye chini ya mwavuli wa kampuni nyingine, analipa 10. Hata anayetengeneza saida, yaani pombe ya matofaa, au pombe ya asali ameingizwa humo. Sawa, anastahili. Sasa soma mstari wa mvinyo na vinywaji vya matunda yaliyochachushwa: 22.50, uwe mdogo uwe mkubwa. Mtu wa Kariobangi Light Industries, mtaa wa viwanda vidogo Nairobi, mwenye tangi moja la lita 500 za mananasi analipa kiwango kilekile cha anayeshusha kontena zima bandarini Mombasa!

Chupa ya mililita 750 yenye asilimia 12 ina sentilita 9 za pombe. Ushuru wake ni shilingi 202.50. VAT ya asilimia 16 inapigwa juu ya bei ikiwa na ushuru ndani, kwa hiyo ongeza 32.40. Hizo ni 234.90 kabla hujanunua nanasi, chupa, kizibo wala stempu ya ushuru. Kwa kiwango cha bia ndogo, ushuru ungekuwa 90.

Msiniambie "punguza makali". Juisi ikianza 1.090 kwenye haidromita, kifaa kinachopima uzito wake ukilinganishwa na wa maji, na kuishia 0.998, zidisha tofauti kwa 131.25, unapata kama asilimia 12.1. Ukiisimamisha 1.006 unapata 11, na umeokoa shilingi 17 kwa chupa. Lakini sasa umebakisha sukari. Usipochuja vizuri na kuweka dawa ya kuzuia hamira isiamke, mvinyo unachacha tena chupani, kizibo kinaruka, na makali yanapita yale ya lebo. Ukipimwa hapo, una kosa la lebo na kosa la ushuru kwa mpigo mmoja. Na haidromita haiwezi kukuambia makali ya mvinyo uliokwisha kama hukuandika kipimo cha siku ya kwanza, kwa sababu sukari inapandisha kipimo na pombe inakishusha. Andikeni kila pipa, tarehe na joto.

Leseni nazo ni mzunguko. Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya 2015 inakataza kutengeneza bila leseni ya KRA, mamlaka ya ushuru. Alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango, inataka sampuli ya kinywaji chenyewe. Sampuli itoke wapi? Kabla ya kugusa hamira, peleka KRA barua ya kuomba ruhusa ya pipa la majaribio, utaje lita na tarehe, ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Bila hiyo karatasi, tangi lako ni ushahidi dhidi yako.

Halafu kaunti, ambayo Jedwali la Nne la Katiba limeipa leseni za pombe. Sheria ya Mututho ya 2010, ile ya kudhibiti vileo, inataka mahali pa kuuza pombe ya kunywewa papo hapo pawe angalau mita 300 kutoka shuleni. Pimeni kabla ya kulipa deposti ya godauni. Eastlands nzima, mashariki mwa Nairobi, imejaa shule. Na ukitaka kuonjesha wageni kwa leseni ya baa, Jumamosi ni saa nane mchana hadi saa tano usiku, siku za kazi ni kuanzia saa kumi na moja jioni. Mtalii wa asubuhi umuonyeshe matangi tu, kwa sababu kanjo, askari wa kaunti, wakikuta glasi mezani hawatauliza kama ni ya kuonja.

Mswada wa Fedha lazima ufike Bungeni kufikia Aprili 30, kisha kamati ya fedha inapokea maoni. Tuombe kitu kimoja: mvinyo wa matunda uingizwe kwenye kile kiwango cha 10, kwa kikomo cha lita kinacholingana. Wekeni hapa hesabu zenu za chupa moja, tuziambatishe kwenye barua.