Tupeane uzoefu: gia boksi ya manyuo (gia ya mkono) kwenye gari yenye moto mkali (injini ya nguvu nyingi), inahimili kweli?

Mchuma wa Mikindani
Wakuu, habari za jioni. Leo wakati naingia Mikindani nimekuta Subaru imefungwa kamba, inavutwa na Canter. Dereva yuko ndani kashika usukani, macho mekundu. Nikamuuliza vipi kaka, akajibu neno moja tu: "Boksi." Nimefika nyumbani hata chakula hakikupita.
Nina Mark II GX100. Pesa ya korosho ikiingia nataka kung'oa injini, niweke 1JZ ya tabo, ile inayosukumiwa hewa zaidi ipate nguvu, na gia ya mkono. Nimeletewa boksi mbili za mtumba: W58 kwa bei ya kuongea, na R154 ambayo bei yake imenikalisha chini. Kila ninayemuuliza ananiambia manyuo haifi. Mliowahi kufiwa na boksi, njooni.

Kijana wa Ligula
R154. Usigeuke nyuma.

Korosho Ghafi
Manyuo haifi kweli. Malori yanayopandisha mizigo Newala yote manyuo, umeona lini limekufa boksi?

Fundi wa Chikongola
Lori limejengewa boksi la lori, mwanangu. Usilinganishe.
Mchuma, nikueleze ninachokijua. W58 Toyota waliifunga kwenye Supra ya 1993 ile isiyo na tabo. Ile yenye tabo mbili, 2JZ, waliifuatia boksi la gia sita kwa Wajerumani, Getrag, linaitwa V160. Watu wana viwanda vyao vya gia na bado wakaenda kununua kwa mwingine. Walijua ile injini inasokota kiasi gani. R154 ndiyo iliyokuwa kwenye Mark II na Chaser za JZX100 zenye 1JZ ya tabo, kwa hiyo hapo unarudisha kitu na mwenzake.
Halafu acheni kuhesabu nguvu za farasi. Kinachovunja meno ni toki, yaani nguvu ya kusokota. Gia namba moja inaizidisha zaidi ya mara tatu kabla haijafika kwenye propela. Na meno yenyewe yamekatwa mshazari ili yasipige kelele, sasa yakibanwa sana yanasukuma shafti mbili ziachane. Boksi linapanuka, meno yanashikana kwa ncha tu. Hapo ndipo yanapokatika.

Kijana wa Ligula
Shikamoo fundi. Kwa hiyo gia sita ni imara kuliko gia tano?

Evo Damu
Hilo halina mjadala. Gia sita ni baba.

Fundi wa Chikongola
Marahaba. Hapana, si lazima. Ukibana gia sita kwenye nafasi ya gia tano, kila gia inakuwa nyembamba. Na wewe Evo Damu ndiye wa kulijua hilo, maana Lancer Evolution ya nane, GSR ya Japani, ilikuja na gia sita, na wanaoongeza nguvu wanaitafuta ile ya gia tano. Evo X GSR nayo ilirudi kwenye gia tano.

Evo Damu
Fundi, Subaru STI je? WRX ya gia tano ukiipandishia busti, yaani msukumo wa hewa ya tabo, inatema meno, STI ya gia sita inadunda tu.

Fundi wa Chikongola
Kwa sababu boksi la STI ni kubwa na zito, limetengenezwa upya. Si kwa sababu ya namba sita. Altezza ina gia sita, na Silvia S15 ina boksi la ukoo huohuo. Mfungie tabo kubwa uone.

Evo Damu
Haya, tunaongea kitu kimoja.

Kijana wa Ligula
Hamuongei kitu kimoja, umeshindwa kaka.

Wa Mbwemkuru
Nilikuwa nasoma kimya. Neno "boksi" limenirudisha mbali.
Natoka Dar naenda Lindi, harusi ya mdogo wangu wa kike. Nyuma nimebeba nguo za bibi harusi, na mama mkubwa amekaa pembeni yangu. Gari Chaser, tabo nimeipandisha busti mwenyewe. Klachi nimeweka ya kichuma, ile isiyoteleza, maana niliambiwa ya kawaida ni ya wanawake. Nangurukuru tumepita salama, tunakaribia Mbwemkuru, saa moja jioni. Mbele kuna lori la saruji linatambaa. Nikatoka gia ya nne nikaingia ya tatu, nikaachia klachi kwa mguu mmoja na mafuta nimekanyaga mpaka chini.
Ulilia mlio kama nyundo imepiga reli. Tairi za nyuma zikasimama. Sisemi zilipungua kasi, zilisimama. Nikakanyaga klachi, haikusaidia kitu, maana jino lililokatika lilikuwa limeingia katikati ya gia nyingine na kubana boksi lote. Gari likageuka ubavu mbele ya lori. Yule dereva Mungu ampe maisha marefu, alikwenda porini na saruji yake kutukwepa. Tulipotulia vumbi lilikuwa limejaa ndani, na mama mkubwa anasema Innalillahi taratibu, mfululizo, kama anahesabu.
Tulilala kwa watu wa pale, wakatupa uji na mkeka. Asubuhi boksi likashushwa, fundi akamwaga oili kwenye beseni, akaingiza mkono na kutoa meno manne ya gia ya tatu. Yalikuwa madogo kama meno ya mtoto. Moja ninalo mpaka leo, limekaa ndani ya gari. Kosa sikuwahi kulipeleka kwa mtengenezaji wala kwa fundi. Lilikuwa la mguu wangu.

Binti wa Msimbati
Pole sana kaka. Na harusi?

Wa Mbwemkuru
Nguo zilipanda basi alfajiri. Ilifungwa saa kumi badala ya saa nne. Mama mkubwa hajapanda gari langu tena, na simlaumu.

Korosho Ghafi
Dah. Nafuta niliyosema juu.

Binti wa Msimbati
Yangu ni ndogo. Ufukweni kwetu magari yanapita juu ya mchanga, na vijana wanapenda kuzungusha tairi pale. Mchanga mlaini hauna shida, tairi inazunguka bure. Balaa ni pale tairi inapotoka kwenye mlaini huku inazunguka na kushika mchanga mgumu wenye maji. Nimeona kwa macho yangu pick-up ikitoa mlio na kusimama hapohapo. Walisema boksi ni bovu. Nikajua si boksi.

Fundi wa Chikongola
Umesema kweli binti. Tairi ikiteleza, boksi linapumua. Ikishika ghafla, pigo lote linarudi ndani. Ndiyo maana gari za kusukuma tairi zote nne zinavunja sana zikiondolewa kwa fujo. Na klachi inatakiwa iteleze kidogo, ndiyo fyuzi yako. Ukiweka ya chuma, fyuzi inakuwa gia.

Evo Damu
Ikiteleza si inaungua? Mchuma, weka ngumu, ila achia taratibu.

Kijana wa Ligula
Weka oili ya GL-5 nzito, boksi halitakusumbua.

Korosho Ghafi
GL-5 inakula shaba ya sinkronaiza, ile ringi inayofanya gia iingie laini! Weka GL-4.

Kijana wa Ligula
Mwaka wa sita natumia, gia zinaingia kama siagi.

Korosho Ghafi
Subiri wa saba.

Fundi wa Chikongola
Fungueni kitabu cha gari, kimeandikwa. Na mkono usiulaze juu ya gia ukiwa unaendesha, unasukuma foki ndani, ile inayosogeza gia, na kuimaliza.

Evo Damu
Mimi yangu nisipoishika inachomoka.

Fundi wa Chikongola
Basi imeshakufa, lete.

Mchuma wa Mikindani
Nimeamua R154, na busti naiacha ya kiwandani. W58 nimemrudishia mwenyewe. Kabla sijalipa nataka nilimwage oili nione kama kuna vipande. Fundi, spana namba ngapi?

Fundi wa Chikongola
Jaribu 24. Lakini fungua kwanza nati ya kujazia, ya juu. Ikigoma, usiguse ya chini, maana utamwaga oili halafu ukose pa kuirudishia. Sumaku ya nati ya chini ikiwa na ujiuji mweusi, nunua. Ikiwa na kitu kinachogonga ukucha, ondoka.

Wa Mbwemkuru
Ukikuta jino, nipigie picha.