Mama Mdigo, baba Mkamba: nitapatanishaje watu?

BintiLikoni:
Salaam aleikum, Bwana asifiwe. Mie mzaliwa wa Likoni, Mombasa, mamangu Muislamu wa Kidigo, babangu Mkamba Mkristo, nimebatizwa lakini Idi nakula pilau kwa nyanya na Krismasi hao hao wote waja kwetu. Juzi nimetiwa kwenye kamati ya amani ya mtaa, vijana wa maskani na wapangaji wa kutoka bara wamekosana mpaka hawaamkuani, na kikao cha kwanza tu mzee mmoja akaniuliza mbele za watu, "Weye ni wetu ama ni wao?" Nikanyamaza, usiku sikulala.

Maana 1997, ile Agosti 13 stesheni ya polisi ya Likoni iliposhambuliwa na wabara wakaanza kuwindwa, mie nilikuwa na miaka saba. Babangu alikimbilia kanisa katoliki, sie tukabaki kwa nyanya, mama akanifunga leso kichwani, ya manjano, naikumbuka ilivyonuka moshi wa kuni. Akaja mtu mlangoni akaniuliza babako nani. Nikamwambia sina baba. Sijawahi kumwambia mtu neno hilo, sasa ndo nikawaambie wengine wasameheane?

MzeeWaKisauni:
Mwanangu, Kur'ani 49:10 yasema patanisheni baina ya ndugu zenu, haikusema mpaka uwe msafi kwanza. Ila usianze na kikao kikubwa, hapo kila mtu aja kushinda. Nenda maskani jioni kahawa ikimiminwa, keti, sikiliza, kesho yake nenda kwa wapangaji. Mara nyingi utakuta ugomvi wenyewe ni maji ama deposit ya nyumba, dini na kabila zimeingizwa tu. Na yule mzee mjibu, mwambie mie ni wenu na ni wao, basi.

Mama_Changamwe:
Mie naona tofauti kidogo na mzee. Mathayo 5 inasema ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako iache sadaka mbele ya madhabahu, ukapatane nae kwanza. Baba yu hai? Anza hapo dada, lakini hiyo habari usiipeleke kwa kamati, watu wataigeuza fimbo wakuchape nayo.

BintiLikoni:
Yu hai. Asanteni sana.

BintiLikoni:
Nimerudi. Jana nilimpelekea baba mahamri na mbaazi, nikangoja amalize chai ndo nikamwambia, sauti ilikuwa haitoki. Akanyamaza kitambo anapangusa pangusa meza na mkono wala haikuwa chafu. Kisha akasema, "Mamako alinambia zamani. Mimi ndio nilimwambia akufunge ile leso, na ukiulizwa useme huna baba. Wewe ulisahau kwamba ulifundishwa." Nimelia mpaka jirani akaja. Nikitoka akaniuliza kikao kijacho ni lini, yuwataka kuja, akae upande wa maskani.

MzeeWaKisauni:
Allahu akbar. Mpe salamu zangu, na mie n'tavuka ferry nije.