Mjadala: Tumwondoe mama mboga barabarani, au tuhamishe steji kwanza?

Mwalimu wa Njoro anaanza:

Jioni ya Ijumaa, 30 Juni 2023, trela lililobeba kontena lilishindwa kusimama kwenye makutano ya Londiani, kaunti ya Kericho, likapitia matatu, bodaboda na vibanda. Watu 52 walikufa. Baada ya hapo serikali ikasema masoko ya kando ya barabara kuu yahamishwe, na tangu siku hiyo kila lori likiacha njia husemwa hivi: mama mboga ni mkaidi, aondolewe.

Mimi pia nataka aondoke pale. Mama yangu aliuza karoti kwenye makutano miaka mingi, ameipa lami mgongo, na nikiwa mtoto kila honi ya lori ilinishtua moyo. Lori na matatu zinaruhusiwa kilomita 80 kwa saa, yaani karibu mita 22 kila sekunde. Kibanda kiko hatua nne kutoka kwenye lami. Hapo mtu hana nafasi hata ya kugeuza shingo.

Lakini tunaanza na mtu asiyefaa. Kwetu tulijengewa soko lenye paa, choo na mfereji, kama mita 300 kutoka barabarani. Wauzaji walihamia, wakakaa majuma matatu. Matatu ziliendelea kushusha abiria palepale kando ya lami, nyanya zikaoza sokoni. Mama mmoja akarudi barabarani na karai lake, kesho yake wakarudi kumi. Leo soko lile wanalala mbuzi.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii: steji, yaani kituo cha matatu, ihamishwe kwanza, iingie ndani, na matatu ishushe huko tu. Soko litaifuata lenyewe bila askari wa kaunti kumwaga mboga ya mtu. Nani anapinga?

Dereva wa trela, Burnt Forest:

Mwalimu, sipingi, ila unazungumzia mahali trela linapoangukia. Mimi nakwambia linakotoka. Kwenye mteremko mrefu wapo wenzangu wanaotoa gia, wanaacha gari liende kwa nyutro ili dizeli ibaki. Injini haishiki tena, kazi yote inabaki kwa breki. Breki zikishapata moto sana hazikamati, na ukitaka kurudisha gia kwa mwendo ule haiingii. Hapo unabaki na usukani na Mungu.

Salgaa na Sachangwan, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, tulizika watu miaka na miaka kwa sababu hiyo na nyinginezo. Alfajiri ya 31 Desemba 2017, basi na lori ziligongana uso kwa uso pale Migaa, watu 36 wakafa. Baadaye barabara ikapanuliwa na ukuta wa zege ukawekwa katikati. Sisi tunaopita kila juma tumeona tofauti: anayetaka kupita wenzake kwenye mlima hana tena pa kujipenyeza. Ukuta haupokei kitu kidogo. Jengeni na njia za dharura kwenye miteremko, zinazopanda kando na kujazwa kokoto nyingi, ili gari lililoishiwa breki lizame humo badala ya kuzama kwa watu. Na tajiri anayelipa dereva kwa tripu naye aulizwe. Dereva aliyelala saa tatu tu hata breki nzuri hazimsaidii.

Muuza viazi, barabara ya Kericho:

Mwalimu mwanangu, umesema vizuri lakini hujakaa na sisi karibuni. Abiria wa matatu ananunua kabeji moja. Anayenilipia karo ya watoto ni mwenye gari dogo anayerudi Kisumu Jumapili, anaona gunia la viazi, anasimama. Huyo haingii steji hata ukiipaka dhahabu. Ukihamisha steji peke yake, mimi nitabaki kwenye lami, na nitabaki nikiogopa. Usifikiri tumezoea. Lori likipiga honi ndefu sisi wote tunaacha mizani na kusimama.

Mkazi wa Mamboleo:

Agosti 2025 hapa Kisumu basi la waombolezaji lilipinduka kwenye mzunguko wa Coptic, watu zaidi ya 20 wakafa wakitoka mazishini. Hawakugonga soko lolote. Msisahau mwendo.

Mwalimu wa Njoro anajibu:

Mama, umenirekebisha, na nakubali. Nilifikiria matatu pekee kwa sababu wateja wa mama yangu walikuwa wa matatu. Basi steji na maegesho ya magari madogo viende pamoja, nyuma ya kizuizi cha chuma, na kiingilio kionekane kutoka mbali, kabla muuzaji hata mmoja hajaambiwa ahame.

Ndugu wa Mamboleo, mwendo sijausahau. Mwaka 2024 barabara zetu ziliua zaidi ya watu 4,700 nchini, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa watembea kwa miguu. Mwendo wa gari ndio humpa yule wa miguu nafasi ya kuishi au kufa.

Ndugu dereva, njia za kokoto naziunga mkono kwa mikono miwili, na hapa pana jambo linalonikosesha usingizi. Upanuzi wa barabara kutoka Rironi, karibu na Nairobi, umeanza, nasi tunashangilia. Unaishia Mau Summit. Londiani iko mbele ya hapo, kuelekea Kericho. Trela litakimbia kwenye njia pana tangu Nakuru, kisha liingizwe kwenye njia nyembamba, na makutano ni yaleyale. Mwenye kujua kama michoro ina chochote kwa ajili ya kipande hicho, atuwekee hapa.