Vioo vyangu vinatoka na ukungu, niongeze matone mangapi ya asidi?

FundiKivuli (mleta mada)
Wakuu, habari zenu. Nina wiki ya tatu najifunza kupiga picha za kolodioni mbichi (zile za kizamani za kwenye kioo, kinachopakwa ute wa kolodioni na kupigwa kikiwa bado kimeloa) na nimekwama kabisa. Kioo nakisugua kwa unga wa chaki na alkoholi mpaka kinalia, namimina kolodioni, nakizamisha kwenye dawa ya fedha dakika 3, napiga, kisha naibua, yaani naifanya picha itokeze, kwa sulfati ya chuma. Uso unakuja vizuri, mpaka kope unaziona, halafu ukungu wa kijivu unatanda juu yake kama pumzi kwenye kioo cha dirisha. Kuna aliyeniambia dawa yangu ya fedha imepungukiwa uchachu. Naomba mwenye uzoefu anitajie tu matone ya asidi ya nitriki kwa lita moja. Jumamosi nimemwahidi mama picha yake, na afya yake si ya kuahirisha mambo.

MwangaWaJana
Usikimbilie asidi. Mimina kioo, kizamishe, usikipige picha, kiibue na kukikazia (kuyeyusha fedha iliyobaki ili picha idumu) hivyohivyo. Kikitoka safi, dawa zako ni nzima: umekiacha kwenye mwanga kupita kiasi au kamera inavuja. Kikitoka na ukungu, rudia giza totoro, bila hata taa nyekundu. Ukungu ukiisha, taa ndiyo mbaya. Ukibaki, hapo ndipo upime uchachu. Kolodioni yako ina rangi gani? Ikiwa bado njano iliyopauka ni changa, na changa inapenda ukungu. Ongeza kidogo ile ya zamani iliyokwisha kuwa nyekundu.

MzeeWaLenzi
Mmenikumbusha mbali. Mwaka wangu wa kwanza nilimwagikiwa na nitrati ya fedha mkononi, sikuona kitu, nikaenda zangu harusini. Kesho yake mkono mzima mweusi kama nimeshika masizi, na hakuna sabuni iliyoutoa mpaka ngozi ilipojibadilisha yenyewe. Kijana, vaa miwani ya kinga. Dawa hiyo ikiingia jichoni inapofua. Halafu mjue Frederick Scott Archer aliitangaza njia hii mwaka 1851 bila kuikatia hataza, wengine wakatajirika, yeye akafa maskini mwaka 1857. Naona tuna deni kwake.

BiMaabara
Mleta mada, umetaja kila dawa isipokuwa moja. Unakazia kwa nini?

FundiKivuli
Dawa ya kawaida tu ya kukazia, dada. Tatizo langu ni ukungu. Asante MwangaWaJana, ni njano.

BiMaabara
Ya kawaida ipi? Haipo au sianidi?

Kipepeo77
Haipo? Sasa dada unamuuliza kitu ambacho hakipo?

MwangaWaJana
Haipo ipo, ni thayosulfeti ya sodiamu. Mwanasayansi Mwingereza John Herschel aligundua mwaka 1819 kwamba inayeyusha chumvi za fedha.

FundiKivuli
Sawa, ni sianidi ya potasiamu. Lakini naomba msinihukumu. Mafundi wa karne ya 19 waliitumia maisha yao yote, na picha zake zina weupe wa joto ambao haipo haikupi. Sikuinunua, niliachiwa na marehemu aliyenifundisha, pamoja na kamera. Naitumia kidogo sana. Beseni ni moja, ila nasuuza katikati. Chumba nimekiziba kwa kitambaa cheusi na gundi ya karatasi ili mwanga usiingie. Kichwa kimeniuma mara mbili, nadhani ni etha iliyomo kwenye kolodioni.

BiMaabara
Ndugu yangu, simama hapohapo. Dawa yako ya kuibulia ina asidi ya siki. Sianidi ikikutana na asidi inatoa gesi inayoua, na kuna watu hawaisikii harufu yake kabisa. Sasa wewe unataka kuleta nitriki kwenye chumba hichohicho, kilichozibwa! Usiimwage, usiichanganye na kitu, usijaribu kuiharibu mwenyewe. Funga chupa, toka, piga simu zimamoto au mamlaka ya kemikali hatari, waje waichukue. Kichwa kikirudi, au kizunguzungu, nenda hospitali na uwatajie sianidi kwa jina.

Mcha_Mungu
Uhai ni amana. Picha ya mama ina faida gani kama mama ndiye atakayekuzika?

JichoKavu
Wakuu, mnakunywa chai. Mtu wa wiki tatu, ana sianidi ya kurithi, chumba kimezibwa, beseni moja, na bado yuko hai anatuandikia? Kwanza alificha, alipobanwa kila kitu kikatoka kwa mpangilio kama tamthilia. Huyu hajawahi kushika kioo.

Kipepeo77
Hata mimi nimeanza kuhisi. Weka picha tuone.

MzeeWaLenzi
Mimi lile la kope naliamini. Hilo hulipati kwa kusoma.

FundiKivuli
JichoKavu, sina sababu ya kudanganya. Kioo kikiingia kwenye dawa ya kukazia kina utando kama maziwa, na picha inaonekana kinyume, ya samawati. Halafu utando unaanza kuyeyuka pembeni, unaelekea katikati, weusi unafunguka nyuma yake, na uso unageuka ukiwa unautazama. Juzi ulikuwa wa mwanangu. Ana miaka tisa, ndiye ananihesabia sekunde za kuibua, moja mpaka kumi na tano, kila siku. Aliporuka kwa furaha nikajua nimeweza. Huwezi kutunga hilo.

BiMaabara
Mtoto anakaa humo ndani na wewe?

JichoKavu
Nimefuta neno chai. Mtoe mtoto sasa hivi.

BiMaabara
FundiKivuli? Uko wapi?

FundiKivuli
Nipo. Samahani, nilikuwa nje naye. Mlango wa chumba nimeufunga kwa ufunguo na chupa iko humo, sijaigusa. Zimamoto wamesema wanakuja, wamesisitiza nisiingie. Haipo nimeagiza. Mama nimemwambia Jumamosi haitawezekana, amesema atasubiri. Huyu mdogo ananiuliza amekosea nini mpaka leo hahesabu.