Nyumba ya mawe ya getini inatoa unga mweupe: nipige plasta upya?

Fundi_Mwanga: Wakuu, kuna kinyumba cha mawe cha getini hapa Kigoma mjini, cha enzi za Wajerumani. Ukuta sentimita 50, kona za mawe ya kuchonga. Kiliwahi kupigwa plasta ya saruji. Sasa kuanzia chini hadi kama mita moja kinalowa, kinatoa unga mweupe na plasta inabanduka. Mwenye nyumba anataka plasta mpya yenye saruji nyingi. Anakiita "cha Victoria". Mnashaurije?

Chokaa_na_Mawe: Usipige, mkuu. Msingi wa zamani hauna kizuizi cha unyevu, kwa hiyo maji hupanda ukutani. Ukuta wa chokaa huyatoa kupitia maungio, yaani ile mistari ya chokaa kati ya mawe. Saruji imeziba njia hiyo, ndiyo maana yanatokea kwenye jiwe. Chumvi, ndiyo huo unga mweupe, inakaukia humo na jiwe linamomonyoka.

Bandua plasta kwa tindo na nyundo ndogo. Grainda usiiguse, diski inakula kingo za mawe na hazirudi. Kwangua maungio kwa kina mara mbili ya upana: ungio la sentimita 1.5 ingia 3. Ziba kwa ndoo 1 ya chokaa iliyorojeka na ndoo 3 za mchanga mkali uliooshwa, wenye chembe kubwa na ndogo. Chokaa ya mfuko iloweke tangu jana yake.

Mama_Ujenzi: Fanya kiangazi, Juni hadi Agosti, ila jua nalo ni adui: chokaa ikikauka haraka inabaki unga. Lowesha maungio kabla ya kujaza, kisha funika kwa magunia mabichi siku 7. Ukibonyeza kwa ukucha ukaacha alama ndogo tu, gongagonga ungio kwa ncha za brashi ngumu. Usilainishe kwa mwiko.

Reli_ya_Kati: Si cha Victoria. Malkia Victoria wa Uingereza alifariki 1901, na reli ya Wajerumani ilifika Kigoma 1914. Vinyumba vya getini vya Kivictoria viko kwenye mashamba makubwa ya Uingereza: paa lenye mwinuko mkali, mbao za nakshi kwenye pembe za paa, dirisha lililochomoza ili mlinzi aone barabara pande zote mbili. Ugonjwa huu wa saruji unavipata vilevile.

Kabla ya yote, angalia udongo wa nje. Ukiwa juu ya sakafu ya ndani, uchimbe ushuke sentimita 15 chini yake, na maji ya paa yaelekeze mbali na msingi. Bila hivyo chokaa nayo italowa mwaka mzima.