Tupeane uzoefu: vizuizi vya korona vilipoanza kulegezwa, wewe ulikuwa wapi?

Kunguru Mstaafu
Wakuu, habari za jioni. Leo nimetoa koti la baridi kabatini, mfukoni nikakuta barakoa imekauka kama ng'onda. Nikakumbuka 20 Oktoba 2021, Sikukuu ya Mashujaa, Rais Uhuru alipotangaza kafyu imeondolewa Kenya nzima. Usiku ule nilikuwa mjini. Ilipofika saa nne kasorobo stejini watu wakaanza kugombania matatu, na mimi nikiwemo, viwiko vikifanya kazi. Tulipokwisha kaa ndipo makanga akatuuliza, "Mnakimbilia wapi? Si imeisha?" Gari zima kimya. Haya, tupeane uzoefu.

Nazi Mbovu
Nipo siti ya mbele na karanga zangu.

Mwanamvua
Umenikumbusha makanisa yalipofunguliwa Julai 2020. Watu mia moja, ibada saa moja tu, na asiingie aliye chini ya miaka 13 wala aliyepita 58. Shangazi yangu alikuwa na 61. Maisha yake yote alitudai heshima ya utu uzima, Jumapili ile akamwambia kijana wa mlangoni ana 54. Kijana ni mjukuu wake wa kufikia. Akamrudisha.

Kitumbua Baridi
Sisi huku Bongo hatuna cha kuchangia, hatukufungiwa. Vilifungwa vyuo na shule, za watoto zikafunguliwa 29 Juni 2020. Tulijifukiza nyungu, maisha yakaendelea.

Pweza Mkavu
Mlipona au mliacha kuhesabu? Mara ya mwisho mlitangaza wagonjwa 509, mwisho wa Aprili 2020. Baada ya hapo kimya.

Kitumbua Baridi
Na nyie mliohesabu mlipata nini zaidi ya marungu ya polisi kivukoni Likoni, Mombasa? Kafyu ya kwanza hata saa moja haijafika, watu wanasubiri feri wanapigwa.

Pweza Mkavu
Angalau sisi tulizika tukijua tunazika nini.

Mzee Kikoi
Nyamazeni wote wawili. Agosti 2020 nchi zenu zilizuiliana hadi ndege, sasa mnataka kuzuia na uzi. Mwenye kisa aseme.

Shuka la Bluu
Mimi huwa nasoma tu, siandiki. Ila hiyo barakoa ya mleta uzi imenishika pabaya.

Mama alifariki Juni 2020. Mimi nilikuwa Nairobi, na Nairobi ilifungwa tangu 6 Aprili, hutoki huingii bila kibali. Niliomba kibali. Nikaambiwa lete karatasi ya kifo. Karatasi iko kijijini, na kuifuata kunataka kibali. Mama akazikwa asubuhi na mapema, watu kumi na tano, mimi natazama kwa simu ya binamu. Bando likakata wakati wanateremsha jeneza. Niliona kamba zinaanza kulegea, basi.

Ikatangazwa njia zitafunguliwa 7 Julai, saa kumi alfajiri. Saa tisa nilikuwa stejini. Gari abiria nusu, nauli mara mbili. Kizuizi cha polisi tulikipita bila hata kupunguza mwendo, askari anaota moto, hakuinua kichwa. Miezi mitatu nimekililia kile kizuizi, kumbe ni mapipa mawili na gogo.

Nikafika mchana. Baba yuko chini ya mwembe. Nikamkimbilia. Akasimama, akanyoosha fimbo, ncha ikawa usawa wa kifua changu. "Mwanangu, hapo hapo." Alikuwa ameniwekea kiti, mbali kama mita nne, pembeni ndoo yenye bomba na kipande cha sabuni ya mche. Majirani wako nyuma ya ua, wanamtazama mtu wa Nairobi. Tukalia hivyo, kila mtu na kiti chake.

Siku kumi na nne nililala kwenye chumba cha mahindi. Chakula alileta mwenyewe, anakiweka juu ya kinu kilichogeuzwa, anagonga kinu kwa fimbo mara mbili, anaondoka. Sahani aliyonitengea ilikuwa ya mama, ya bluu, ina pengo ukingoni. Sijui alinipa kwa upendo au hakutaka ichanganyike na zingine. Sijawahi kumuuliza.

Mwanamvua
Pole sana dada. Hapo kwenye kamba nimeweka simu chini.

Kitumbua Baridi
Pole dada. Ila mzazi kumnyooshea mwanawe fimbo siku ya msiba, mimi hapana.

Pweza Mkavu
Ungekuwa umehesabu ungeelewa. Dada, mzee alikuwa na umri gani?

Shuka la Bluu
72. Na ana kisukari.

Pweza Mkavu
Basi alikuwa sahihi.

Nazi Mbovu
Karanga zimenishinda. Muulize habari ya sahani angali hai.

Mzee Kikoi
Usimuulize! Mambo mengine mzee anayafunga kwa fundo lake mwenyewe.

Jongoo wa Mvua
Mnunulieni seti mpya ya sahani, muone ile ya bluu ataipeleka wapi. Jibu mtapata bila swali.

Tabibu wa Baridi
Niko Uingereza, nalea wazee kwenye makao. 8 Machi 2021 waliruhusu mgeni mmoja kwa kila mzee. Kushikana mikono ruksa, kukumbatiana hapana. Kijana wa bibi mmoja alikuja, mtu wa miaka hamsini hivi, tukamvisha barakoa, aproni na glavu. Akamshika mama yake mkono. Bibi yule ana usahaulifu, jina la mwanawe halijui tena. Akawa anaivuta ile glavu, kidole kimoja kimoja, taratibu, kama anayemvua mtoto soksi. Kazi yangu ilikuwa kumzuia. Nikageuka nikapanga dawa ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Kunguru Mstaafu
Ulifanya vyema.

Jongoo wa Mvua
Alifanya vibaya, ila ningefanya hivyo hivyo.

Mpagazi wa Jozi
Niwapunguzie machozi. Afrika Kusini pombe ilipigwa marufuku 27 Machi 2020, ikaruhusiwa 1 Juni. Kati hapo tulipika pombe ya mananasi, na chupa moja ililipuka usiku, jirani akadhani ni majambazi. Mei waliruhusu mazoezi ya nje, saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi. Watu ambao hawajawahi kukimbia hata deni wakawa wanariadha. Juni ile nikanunua bia za siku mbili, najidai nina kiasi. 12 Julai usiku rais akafunga tena, papo hapo. Ushauri wangu: serikali ikilegeza kitu, nunua cha mwezi mzima.

Nazi Mbovu
"Hawajawahi kukimbia hata deni" 😂😂

Chaki Nyeupe
Sisi wa Uganda mtatusahau? Shule zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa kidogo zikafungwa tena, hadi 10 Januari 2022 ndipo wote wakarudi. Mimi mwalimu niliuza mandazi. Siku ya kurudi, mtoto niliyemwacha ananifika kiunoni alilazimika kuniinamia ili anisalimu. Msichana mwingine alisimama nje ya dirisha na mtoto mgongoni, anasikiliza somo. Nikamwambia ingia. Akasema mtoto akilia atawasumbua wenzake. Nikajibu, darasa hili lina kelele tayari. Aliingia siku ya tatu.

Mwanamvua
Alimaliza?

Chaki Nyeupe
Muhula mmoja. Kisha wakahama.

Kitumbua Baridi
Pweza, nikiri jambo. Mwaka ule baba mdogo alikufa kwa "kushindwa kupumua". Hatukupima. Ndiyo hivyo.

Pweza Mkavu
Pole ndugu yangu. Yale maneno ya kuzika nayafuta.

Jongoo wa Mvua
Shuka la Bluu, na siku ya kumi na tano ilikuwaje? Umetuacha na njaa.

Shuka la Bluu
Alinigongea alfajiri, mlangoni kabisa, akasema ng'ombe hajakamuliwa. Nikatoka. Alikuwa amekwisha kunishikia ndama.

Mzee Kikoi
Jibu la sahani ndilo hilo.

Kitumbua Baridi
Si lazima, mzee.

Mpagazi wa Jozi
Samahani kutoka nje ya mada. Kuna mwenye kile kipimajoto cha kama bastola, cha kupiga kwenye paji la uso? Nafuga vifaranga, nataka kupima joto la banda.