Noti za tuisheni Kigoma zinawadanganya watoto: eti asteroidi, kometi na kimondo ni kitu kimoja!

Wakuu, nimekereka na sitanyamaza.

Kijana wangu yuko darasa la sita, anasoma tuisheni huku Mwanga, jina la kituo naliacha. Wanatuuzia noti za fotokopi, usipolipia mtoto anarudishwa nyumbani. Jana nikafungua ukurasa wa mfumo wa jua. Wameandika: "Asteroidi, kometi na vimondo ni mawe yanayozunguka angani." Basi, imeisha! Chini yake kuna mchoro wa kometi, mkia umeelekea kwenye jua.

Jamani! Kometi ni barafu iliyochanganyika na vumbi na mawe. Ikilikaribia jua, barafu inageuka gesi na kuondoka na vumbi, halafu mwanga na upepo wa jua (chembe ndogo zinazotoka juani) vinausukuma mkia upande wa pili, mbali na jua. Hata kometi inapokuwa inaondoka zake, mkia ndio unatangulia mbele! Hapo ndipo mtoto angeshangaa na asisahau maisha yake yote, na wao wamechora kinyume.

Asteroidi ni mwamba au chuma, nyingi ziko kati ya Mirihi na Mshtarii. Ya kwanza kuonekana ni Ceres, aliyoiona mtaalamu wa nyota Giuseppe Piazzi kule Palermo, Italia, tarehe 1 Januari 1801. Ina upana wa kilomita 940 hivi, na tangu 2006 inahesabiwa sayari kibete pamoja na Pluto. Kometi asili yao ni mbali kabisa na jua, nyingi ng'ambo ya Neptuni. Ile ya Halley ilipita 1986, itarudi 2061.

Kimondo je? Ni kipande kilichoingia kwenye hewa yetu kikawaka. Wavuvi wa dagaa wa Kibirizi wanaviona usiku wa giza wakiwa ziwani na taa zao. Vingi havizidi punje ya mchanga, vinateketea huko juu kilomita 80 hadi 100. Vile vya mwishoni mwa Oktoba ni vumbi lililoachwa na Halley hiyo hiyo. Kikisalia kipande kikafika chini, ndiyo kama kile cha Mbozi, chuma chenye nikeli, tani kadhaa. Kiko nchini kwetu, na noti hazina hata mstari mmoja juu yake!

Kilichoniuma zaidi ni jaribio. Mtoto kaandika kometi ni barafu na vumbi, kapigwa mkasi kwa wino mwekundu. Nikampigia mwalimu, ananijibu, "Mzazi, sisi tunasahihisha kwa kufuata noti." Noti ambazo wamezitunga wenyewe!

Nataka ukurasa ule uandikwe upya, watoto wote wapewe bure, na alama ya kijana irudishwe. Jumatatu asubuhi naenda pale na karatasi mkononi. Mzazi wa Mwanga au Gungu mwenye noti hizo, njoo twende wote.